Fundi wa Gari la Chanjo

Fundi hakuwahi kunijibu swali siku niliyomuuliza. Jumatatu ningemuuliza kwa nini taa iliyo juu ya kitanda changu haiwaki. Angenitazama, angefuta mikono kwenye suruali na kuondoka zake. Alhamisi, tukiwa katikati ya vumbi la barabara ya Bisibo, mimi nikiwa nimeshasahau, angesema ghafla: "Kwa sababu nimeizima." Kwa nini ameizima, hilo lilikuwa swali jingine, nalo lingesubiri wiki nyingine.

Nilifanya naye kazi miaka sita ndani ya gari moja, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kuniudhi kuliko yeye. Wagonjwa walimwita Dereva, kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Sisi wa hospitali tulimwita Fundi. Yeye aliniita Sista, kama wauguzi wote walivyoitwa, ila alilitamka kwa namna ya mtu anayekohoa.

Gari lenyewe lilikuwa lori lililojengewa nyumba mgongoni. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vya kukunja, jiko la mafuta ya taa, sinki dogo, kabati la dawa, na friji fupi nyeupe iliyofungwa ukutani kwa mikanda. Tuliishi humo wiki mbili kwa mkupuo. Mimi na muuguzi mwenzangu tulilala ndani, Fundi alilala kwenye kiti cha dereva huku miguu ikitokeza dirishani. Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wametolewa kwenye maboma yao na kupangwa mistari, nyumba na nyumba, na mahali pengi zahanati ilikuwa bado ni vigingi tu vilivyochomekwa ardhini. Kwa hiyo zahanati ilikuwa sisi. Tulianzia Biharamulo, tukapita Bisibo na Nyamigogo, tukamalizia Nyakisasa, upande wa Ngara, kisha tukageuza.

Shida yetu ilikuwa friji. Ilitengenezwa kwa umeme wa nyumbani. Tukiwa uani hospitalini tuliichomeka kwenye jenereta, nayo ikagandisha barafu nzuri. Tukitoka tu getini, imekufa. Chanjo ya surua haivumilii joto. Tuliibeba kwenye sanduku lenye barafu na maranda ya mbao, na siku ya pili barafu ilikuwa maji. Bisibo walipata chanjo. Nyakisasa walipata maelezo.

Ndipo lilipoletwa sanduku la chuma, zito kama jiwe la kusagia, lenye mapezi ubavuni. Kazi yake ilikuwa kuchukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Siku hizi vijana wanaliita inveta. Sisi tuliliita sanduku. Zilikuja pia betri nne mpya. Bwana Mganga, mkuu wetu pale hospitalini, aliita watu wote waje kuona. Mimi nilishaanza kupanga safari.

Fundi alilizunguka lile sanduku mara mbili, akachungulia nyuma yake, akasema: "Waya uko wapi?"

"Waya upo stoo," Bwana Mganga akasema. "Bunda zima."

"Ule ni wa taa. Hili linataka waya mnene kama kidole gumba changu."

"Basi tumia huo kwa sasa."

Fundi akamwangalia, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda zake.

Hapo ndipo ilipoanza miezi mitatu ya kusubiri. Betri zipo, sanduku lipo, friji ipo, na gari linaenda Nyakisasa na maelezo. Kila asubuhi nilimwendea. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, Sista." "Leo je?" "Tusubili." Alisema tusubili, na halaka, na huluma, na alijua kwamba tunamcheka, na hakujali. Nilimwambia watoto hawasubiri. Akasema nyaya nazo hazina halaka. Nilimwambia ana roho mbaya. Akaniuliza kama nimeona bakuli lake.

Bakuli lenyewe lilikuwa langu. Tuseme ukweli, lilikuwa bakuli la hospitali, la kuwekea vyombo vilivyochemshwa, na Fundi alikuwa amelichukua ili akinge maji ya mvua. Maji ya kisima yana chumvi, alisema, yanaua betri. Basi kila wingu likitanda, alitandaza shuka safi kati ya miti miwili, akaweka jiwe katikati, na maji yaliyochuruzika akayakinga kwenye bakuli langu. Shuka nayo ilikuwa yangu. Nilimshitaki kwa Bwana Mganga. Alipoitwa, alisikiliza mashitaka yote kwa heshima, akasema ndiyo, ni kweli, na siku mvua iliyofuata iliponyesha shuka ikawa juu tena.

Mtu aliyechunga betri hivyo hakujichunga mwenyewe hata kidogo. Mashati yake yote yalikuwa na matundu ya tindikali, kana kwamba ameshambuliwa na mchwa. Vidole vyake vilikuwa na makovu meupe. Nilimpa glovu, akavifunika nazo vichwa vya betri visiingie vumbi. Siku tindikali ilipomrukia karibu na jicho, mimi ndiye niliyemlaza chini na kumwagia maji, na alipoinuka swali lake la kwanza lilikuwa kama nimetumia yale ya mvua.

Usidhani alikuwa mchoyo tu. Laiti angekuwa mchoyo, ningemwelewa. Siku moja Bisibo, kabla ya lile sanduku kufungwa, nilikuwa nimebana barafu yangu ya mwisho kama roho yangu. Nikatoka kupima watoto. Niliporudi nikakuta wanawake wazee wamejipanga mstari mlangoni mwa gari, na Fundi amekaa ndani, mfuniko wa sanduku la barafu uko wazi, anawashikisha mmoja mmoja kipande kiganjani. Wengi walikuwa wamehamia kutoka Shinyanga na hawakuwa wamewahi kushika barafu. Walikuwa wakipiga kelele na kucheka, mmoja anamwekea mwenzake shingoni.

"Fundi!" nikasema. "Umefanya nini?"

Hakujibu, bila shaka. Chanjo iliyobaki siku hiyo niliitoa yote palepale, mbio mbio, kabla haijaharibika, na njia nzima sikumsemesha. Baada ya siku tatu akasema: "Hao bibi ndio wanaowakataza wakwe zao wasije." Mwezi uliofuata akina mama wa Bisibo walikuja wengi hadi tukaishiwa sindano. Sikumpa nafasi ya kunikumbusha. Naye hakukumbusha, jambo lililoniudhi zaidi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ni langu mimi.

Katika ule mwezi wa tatu wa kusubiri, Fundi alifiwa na kaka yake, akapewa ruhusa ya wiki moja. Alipokuwa hayupo, chanjo ya surua ikaja nyingi, na habari zikaja pamoja nayo kwamba surua imeonekana huko mbele ya Nyamigogo. Bwana Mganga alinitazama, mimi nikamtazama. Pale sokoni kulikuwa na kijana anayetengeneza redio. Nikaenda nikamleta. Nilimwonyesha betri, sanduku, friji, na lile bunda la waya wa taa lililokuwa stoo.

"Hii ni kazi ya asubuhi moja," akasema.

Na kweli, kabla ya mchana friji ilikuwa inanguruma uani bila kuchomekwa popote. Niliifungua, nikaweka mkono ndani, nikahisi baridi. Sikuwahi kumdharau Fundi kama nilivyomdharau dakika ile. Miezi mitatu!

Tuliondoka na dereva wa kuazima. Tulikuwa karibu na Nyamigogo niliposikia harufu kama ya mpira ulioungua. Nikagonga ukuta dereva asimame. Waya uliotoka kwenye betri ulikuwa mwekundu, ngozi yake inayeyuka na kudondoka juu ya godoro la kitanda cha chini, na godoro lilikuwa limeshika moto. Tulilivuta nje, tukauzima moto kwa mchanga. Muuguzi mwenzangu aliungua mkono. Friji ilinyamaza, nasi tukakwama pale njiani hadi jioni. Tulifika Nyamigogo tukawakuta akina mama wamekaa chini wakitungoja tangu alfajiri, wengine wametembea siku nzima ya jana yake. Mmoja, mama wa Kirundi aliyekuwa na pacha, akaniuliza, "Sista, ni kesho?" Nikafungua friji. Chanjo ilikuwa ya moto, haifai kupewa mtu. Tukawarudisha.

Fundi alirudi msibani akiendesha baiskeli, na begani amevaa waya mweusi uliojikunja kama chatu. Alikuwa amepitia kwenye kiwanda cha pamba, akawatengenezea pampu yao iliyokufa tangu mwaka wa jana, na kama malipo akaomba nyaya za mashine mbovu ya kuchomelea. Mnene kama kidole gumba chake, sawasawa na alivyosema.

Aliingia garini. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha ule waya ulioungua.

"Nani amefunga?"

"Fundi redio wa sokoni."

"Nani aliruhusu?"

Bwana Mganga alikuwepo, akaangalia viatu vyake. Nikasema, "Ni mimi."

Lazima niseme hapa kwamba katika ile miezi mitatu, Fundi alikuwa ameanza kuchora. Alichora kwenye karatasi kubwa ya kufungia dawa: betri hizi, sanduku hili, waya huu uende huku. Alisema ataubandika mchoro huo ukutani ili hata asipokuwepo mtu asome. Siku hiyo aliutoa mchoro kwenye kabati, akaukunja mara mbili, akauchana, akauchana tena.

"Usiuchane," nikasema. "Fundi, nisamehe, lakini usiuchane."

"Nikiandika, kila mtu atakuwa fundi," akasema. Lilikuwa jibu pekee la kweli alilowahi kunipa papo hapo.

Kisha akafunga. Alifunga kwa siku nne, na kwa kuwa nilikuwa nimeadhibika nilimshikia tochi. Betri zile zilikuwa za volti sita sita. Alizifunga mbili mbili kwa kufuatana, zikawa kumi na mbili, kisha akaziunganisha jozi mbili ubavu kwa ubavu ili zikae muda mrefu. Alitoboa sakafu chini yake ili mvuke wake utoke nje. Sanduku akaliweka jirani nazo lakini si juu yake, na waya mnene akaukata mfupi kadiri alivyoweza. Betri ya kuwashia injini akaitenga kabisa. Akaweka swichi kubwa ya chuma: tukitembea, dainamo inazilisha zote, tukisimama, swichi inazimwa, friji inakula za kwake, na injini asubuhi inawaka. Nyaya zake ndogo zilikuwa zaidi ya ishirini, na kwa kuwa rangi nyingine hazikupatikana, zote zilikuwa nyeusi.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote niliyofanya kazi. Tulifika Nyakisasa na barafu. Nilichanja watoto mpaka mkono ukafa ganzi. Yule mama wa pacha nilimwona Nyamigogo, nikawachanja wote wawili, akaniletea ndizi mkungu mzima.

Hata mwaka huo Fundi hakuniacha nipumzike. Friji ikila, taa zote marufuku. Nilishona na kuandika ripoti kwa kibatari, huku balbu mbili nzuri zikining'inia juu ya kichwa changu. Kila jioni alipima betri kwa kioo chake chenye kijiti kinachoelea, akatikisa kichwa: "Bado hazijashiba." Hazikuwahi kushiba. Bwana Mganga alipotutembelea Nyakisasa, alichomeka pasi yake ya umeme kwa siri ili anyooshe shati la kwenda kukutana na viongozi wa kijiji. Fyuzi ikakatika hapo hapo. Fundi alikuwa nayo fyuzi nyingine mfukoni, nilimwona alivyokuwa akiigusagusa. Aliiweka baada ya mkutano kwisha. Bwana Mganga alihutubia akiwa na shati lililojikunja kama jani la tumbaku.

Nilimwomba achore tena. Nilimwomba kwa upole, nilimwomba kwa hasira. Nilimwambia, "Ukiumwa je?" Akasema, "Sijaumwa." Nilimletea daftari na kalamu. Daftari akalitumia kuwashia jiko.

Kisha redio ikasema nchi imevamiwa. Ndani ya siku chache malori yalikuwa yanapita kuelekea kaskazini, ya serikali, ya ushirika, ya watu binafsi, yamejaa watu na magunia. Madereva waliitwa. Fundi aliitwa asubuhi, akatakiwa kuondoka mchana. Alikuja garini na mfuko mdogo, akaniita mbele ya ile swichi ya chuma.

"Hii usiiwashe ukiwa umesimama. Usiizime ukiwa unatembea. Maji weka kila Jumamosi."

"Na nyaya?"

"Nitarudi."

"Fundi, na nyaya? Waya upi ni upi?"

Kule nje walikuwa wakipiga honi. Akafuta mikono kwenye suruali, akapanda.

Tuliazima dereva tena, na friji ilidumu wiki saba. Asubuhi ya wiki ya nane sanduku lilikuwa kimya. Nilitoa ubao wa nyuma nikakuta nyaya zaidi ya ishirini, nyeusi zote, zimefungwa nadhifu kwa uzi wa kushonea, zikipita moja juu ya nyingine na kupotelea ukutani. Nilikaa mbele yake siku nzima. Nilileta mafundi wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alitazama akasema anayejua hii ni aliyeifunga. Wa pili alikata mmoja, akaona cheche, akaacha. Nilizipiga zile nyaya ngumi. Nililia, na nilimtukana Fundi kwa sauti kubwa akiwa vitani, Mungu anisamehe.

Vita vilikwisha, yeye hakurudi kazini. Tulisikia yuko hai, amekwenda kwao kulima. Tulituma ujumbe mara tatu bila kupata jibu. Mafuta yakaadimika, safari zikafa, surua ikarudi Nyamigogo. Nilikwenda kule kwa miguu na lori la kubahatisha, na dawa za kupunguza homa, basi. Mama wa pacha alikuwa amejifungua mtoto mwingine baada ya wale wawili. Huyo hakuwa amechanjwa. Nilifika siku waliyomzika.

Nilipohamishiwa Nyakisasa, nikasikia kwamba kwa Fundi ni mwendo wa saa moja kutoka zahanati mpya, sikusubiri hata kufungua mzigo. Nilimkuta shambani anapalilia maharage. Alikuwa amekonda, na sikio la kushoto halikusikia tena, ilibidi nihamie upande wa pili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Sista. Umekuja kwa miguu?"

"Uliondoka na gari letu kichwani," nikasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka. "Tumekuita mara tatu. Uliondoka na gari letu lote kichwani, ukaja kulima maharage."

Alisimamisha jembe. "Nilidhani ni wiki mbili," akasema. "Tuliambiwa ni wiki mbili." Halafu akasema ujumbe aliupata, ila alikuwa ameendesha gari la majeruhi, na baada ya hapo hakutaka kusikia injini. Mkewe akatuletea viazi. Nikamweleza kuhusu Nyamigogo, kuhusu yule mtoto wa tatu. Sikumficha kitu, na sikumwambia kwamba kosa ni lake, wala kwamba ni langu. Hakula kiazi chake. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati zima na viatu.

"Twende," akasema. "Kesho jioni litakuwa linanguruma."

Ikabidi nimwambie. "Halipo, Fundi. Injini waliitoa mwaka jana, betri zimegawanywa, bodi iko uani kwa ushirika, imekuwa stoo ya mbolea. Nyaya waliziuza."

Akakaa chini pale pale mlangoni na viatu vyake. Kuku walipita katikati yetu. Kisha akaniuliza kama nina karatasi. Nilikuwa na daftari la zahanati, jipya, lina kurasa mbili tu zilizoandikwa.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Gali."

"Fundi, nimekwambia gari halipo."

"Nimesikia. Andika."

Nikaandika. Alifumba macho, mikono yake yenye makovu ikawa inatembea hewani, inashika hiki, inakaza kile. Waya wa kwanza unatoka kwenye kichwa chanya cha betri ya kushoto. Wa pili unaunganisha hasi ya hiyo na chanya ya jirani yake. Aliutaja kila mmoja, urefu wake, unapopita, ulipokunjwa na kwa nini. Nilikuwa na hasira na bado niliandika, kwa sababu alikuwa haruki hata mmoja. Jua lilisogea, mkewe akaondoa viazi vilivyopoa, na nikafika ukurasa wa sita.

"Sasa nisomee," akasema, akanigeuzia sikio zuri.

Nikamsomea tangu mwanzo. Nilipofika kwenye waya wa tisa aliinua mkono.

"Hapo umekosea, Sista. Fyuzi inatangulia, swichi inafuata."

Nikafuta, nikaandika upya.

"Endelea," akasema.